Kanda Ipi Ifutwe Usiku wa Leo?

Bosi akipita karibu na meza ya mtu wa IT, swali lake huwa lile lile: "Bekapu zinachukuliwa?" Unamjibu zinachukuliwa, unamwonyesha ripoti ya asubuhi, anaitikia kwa kichwa na kuendelea na shughuli zake. Sijawahi kukutana na bosi anayeuliza jana usiku mfumo ulifuta nini ili upate pa kuiweka hiyo bekapu.

Maana kuna kitu kimefutwa. Diski ina mwisho wake, kanda za sumaku za kuhifadhia data zimenunuliwa kwa idadi, na ofisi haiachi kuzalisha mafaili. Mfumo wa bekapu ukishakaa kazini mwaka mmoja au miwili, karibu kila usiku unaandika juu ya kitu cha zamani. Kunakili ni kazi ya kawaida. Hata amri ya cp inaiweza. Kinachozifanya programu hizi ziwe kubwa, zenye vitabu vya mwongozo vya mamia ya kurasa, ni ule uamuzi mwingine: chombo kipi kitumike upya, lini, na nani ameruhusu.

Nitaueleza kupitia Bacula, programu ambayo nimefanya nayo kazi kuliko nyingine zote za aina hii. Kern Sibbald alianza kuiandika mwaka 2000, ikatolewa kwa umma mwaka 2002. Ni programu huria, na nembo yake ni popo, jambo linalofaa kwa kitu kinachofanya kazi usiku. Mwaka 2010 baadhi ya watu walichukua msimbo wake wakaanza tawi lao, Bareos, na mengi nitakayoyasema hapa yanazihusu zote mbili.

Kwanza kidogo kuhusu kanda, kwa ambao hawajawahi kuzishika. Kanda ya sumaku ya kompyuta haijaenda makumbusho. Ya kisasa inaitwa LTO, kasha linaloenea kiganjani lenye utepe wa upana wa nusu inchi. Kizazi cha kwanza, mwaka 2000, kilibeba gigabaiti 100. Cha tisa, kilichotoka 2021, kinabeba terabaiti 18 kwenye utepe unaozidi kilomita moja. Zamani kanda zilikaa kwenye rafu, na kulikuwa na watu ambao ajira yao ilikuwa kuzifuata na kuzipachika kila kompyuta ilipoziomba. Mwaka 1987 kampuni ya Marekani, StorageTek, ilileta ghala la duara lenye mkono wa roboti katikati na nafasi za kanda 6,000 zilizopangwa ukutani, kila kanda megabaiti 200. Ghala zima, kubwa kama chumba, lilibeba terabaiti 1.2. Kasha moja la LTO-9 linameza maghala kumi na tano ya namna hiyo na bado unalitia mfukoni.

Roboti ilichukua kazi ya miguu. Ya kichwa ilibaki kwa programu, na programu nayo hufuata ilichoambiwa na mtu, au hufuata ilichoambiwa na kiwanda pale mtu aliponyamaza. Hapo kwenye kunyamaza ndipo ninapotaka tufike.

Bacula huita kila chombo voliumu. Kwa mwenye roboti ya kanda, voliumu ni kasha la LTO lenye lebo ya mistari, mfano 000123L6. Kwa ofisi nyingi ninazozijua, voliumu ni faili kubwa tu kwenye diski ya seva, na sheria zinazotumika ni zile zile. Voliumu huwekwa kwenye makundi, kila kundi na masharti yake, na kila voliumu ina hali inayoandikwa kwenye katalogi, yaani ile hifadhidata inayokumbuka faili gani liko wapi. Append: bado inaandikwa. Full: imejaa. Used: haijajaa lakini sharti limeifunga. Purged: katalogi haina tena kumbukumbu ya chochote kilichomo. Recycle: iko tayari kuandikwa upya. Error: kuna kitu hakijakaa sawa, isiguswe mpaka mtu aiangalie.

Usiku kazi inapohitaji mahali pa kuandika, programu inatafuta kwa mpangilio. Inaanza na voliumu iliyo wazi katika kundi husika. Ikikosa, inatafuta iliyokwisha kuachiliwa. Ikikosa tena inazipitia zilizofungwa, kuona kama kuna ambayo muda wake wa kutunzwa umepita. Halafu inaangalia kundi la akiba, liitwalo Scratch. Halafu inajaribu kutengeneza mpya, kama imeruhusiwa na kikomo cha idadi hakijafika. Ikikosa yote hayo inasimama, inatuma barua pepe, inamsubiri mtu.

Kule kusimama kunawakera wengi. Umelala, unaamka unakuta kazi za usiku zimejipanga foleni zikisubiri voliumu. Kuna mstari mmoja wa kuiondolea programu aibu hiyo, Purge Oldest Volume, unaoiambia kwamba ikikwama ichukue ya zamani kuliko zote na kuandika juu yake, muda uwe umepita au haujapita. Mwongozo wa Bacula wenyewe unaonya vikali usiutumie. Nimeukuta umewashwa katika ofisi zaidi ya moja, na sababu huwa ni moja: mtu alichoshwa na barua pepe. Mimi huo ukaidi wa programu naupenda. Imeambiwa itunze data siku 180, nafasi imeisha siku ya 150, na inakataa kujiamulia. Wangapi ofisini wana msimamo huo?

Kuna mtego ambao wageni wa Bacula huuingia mmoja baada ya mwingine. Muda wa kutunza huhesabiwa tangu voliumu ilipoandikwa mara ya mwisho. Kanda hujaa yenyewe. Ikijaa inafungwa na saa inaanza kwenda. Faili la kwenye diski halijai mpaka diski nzima ijae. Kwa hiyo mtu anaweka siku 30, anasubiri mfumo ujisafishe, na baada ya nusu mwaka ana voliumu moja tu ya ukubwa wa kutisha, bado Append, kila usiku ikiongezewa na kila usiku saa yake ikirudi mwanzo. Lazima uiambie ifungwe lini: baada ya kazi moja, baada ya siku saba, au ikifika gigabaiti kadhaa. Mwongozo umelieleza hilo vizuri, lakini nani husoma mwongozo kabla diski haijajaa?

Mwongozo huo una mfano ninaopenda kuwapa vijana wanaoanza. Ofisi ndogo inataka iweze kurudisha faili la siku yoyote katika wiki iliyopita, la wiki yoyote katika mwezi, na la mwezi wowote katika nusu mwaka. Makundi ni matatu. Bekapu kamili zinatunzwa miezi 6, za tofauti (kilichobadilika tangu bekapu kamili) siku 40, za nyongeza (kilichobadilika tangu bekapu iliyotangulia) siku 20, na vikomo vya voliumu ni 9, 10 na 7. Ukipiga hesabu unaona namba zimelegezwa. Aliyetaka wiki moja kapewa siku 20. Voliumu ya nyongeza inabeba kazi sita, Jumatatu hadi Jumamosi, hivyo kwa siku 20 nne zingetosha; wameweka saba. Ziada hiyo ni ya makusudi. Kuna usiku kazi itashindwa na kurudiwa. Kuna siku utalazimisha bekapu kamili kabla ya kubadilisha seva. Kuna voliumu itaingia Error baada ya umeme kukatika, ikae pale ikila nafasi ya kikomo huku haitumiki.

Sasa uweke kando ya mfano huo mpango ninaoukuta mara nyingi: bekapu kamili Jumapili ya kwanza ya mwezi, muda siku 30, voliumu moja tu kwenye kundi kwa sababu diski ni ndogo. Kwa macho ni mwezi kwa mwezi, safi kabisa. Lakini kutoka Jumapili ya kwanza hadi Jumapili ya kwanza inayofuata ni siku 28 au 35, hakuna mwezi wa siku 30 hapo. Zikiwa 28, muda haujapita, programu inagoma na kulalamika. Zikiwa 35, muda umepita, nayo inafanya ilichoambiwa: inaanza kuandika bekapu kamili mpya juu ya ile ya zamani. Kwa saa zote inazochukua kuandika, ofisi haina bekapu kamili hata moja. Umeme ukienda katikati, na umeme wetu tunaujua, asubuhi una nusu ya mpya, huna ya zamani, na bekapu zote za nyongeza za mwezi uliopita hazina cha kusimamia. Hakuna kilichoharibika katika programu. Imefuata maagizo.

Niliwahi kuitwa kwenye ofisi moja, jina nalihifadhi, ambayo mtu wao wa IT alikuwa ameacha kazi na kuondoka na kila kitu kichwani. Ilikuwa Ijumaa mwanzoni mwa Aprili. Dada wa uhasibu alikuwa anatafuta faili la mishahara ya Februari ya mwaka uliotangulia, mkaguzi akilisubiri. Kwenye seva lilikuwepo faili la jina hilo, ila mtu alikuwa ameandika mambo mengine juu yake.

"Kaka, si mnachukua bekapu kila siku?"

"Zinachukuliwa, dada. Swali ni zinatunzwa mpaka lini."

"Kwani zina mwisho?"

Nikafungua konsoli. Katalogi haikuwa na habari yoyote ya mwezi ule. Bacula ina saa tatu za kuhesabia muda wa kutunza, na ofisi ile haikuwa imegusa hata moja, kwa hiyo zilikuwa kama zilivyotoka kiwandani: kumbukumbu za majina ya mafaili siku 60, kumbukumbu za kazi siku 180, voliumu siku 365. Ikipita ya kwanza, huwezi tena kuchagua faili moja. Unaweza kurudisha kazi nzima tu. Ikipita ya pili, katalogi haikumbuki kama kazi hiyo iliwahi kufanyika. Mtu akiandika kwenye sera ya ofisi "tunatunza mwaka mzima" kwa kuangalia ile saa ya tatu peke yake, kwa mtumiaji wa kawaida huo mwaka uliisha baada ya miezi miwili.

Ila kinachoondolewa kwenye katalogi ni kumbukumbu. Data kwenye voliumu haiguswi. Inabaki pale pale, nzima, mpaka siku voliumu itakapohitajika na kuandikwa upya. Nikaorodhesha voliumu za kundi la bekapu kamili. Ile ya Jumapili ya kwanza ya Machi, mwaka uliotangulia, ilikuwepo. Hali yake Used, muda wake umeandikwa kwa sekunde kama Bacula inavyopenda, 31,536,000, ambazo ndizo siku 365. Muda huo ulikuwa umekwisha siku moja tu baada ya bekapu kamili ya Machi ya mwaka huu kupita na kuchukua nyingine iliyokuwa ya zamani zaidi. Maana yake sasa yenyewe ndiyo iliyokuwa mbele kwenye foleni. Jumapili iliyofuata, zamu ya bekapu kamili ya Aprili, saa tano na dakika tano usiku, ingeandikwa juu.

Cha kwanza kilikuwa kuibadilisha hali iwe Read-Only, ambayo programu haiandiki juu yake. Ni mstari mmoja wa amri. Dada wa uhasibu alikuwa amesimama nyuma yangu, akauliza kama hiyo ndiyo kazi yote niliyoitiwa. Nikamwambia hiyo ndiyo ya haraka, inayobaki ni ya kuchosha. Iliyobaki ilikuwa bscan, zana inayosoma voliumu mwanzo hadi mwisho na kuzirudisha kumbukumbu zake kwenye katalogi. Inakwenda polepole, na ina jambo moja la kuchunga: kumbukumbu zinarudi na tarehe zake za zamani, hivyo usafishaji wa kiotomatiki ukiwa umewashwa, katalogi inaweza kuziona zimepitwa na muda na kuziondoa tena kabla hujazitumia. Tukauzima. Faili likapatikana kama lilivyokuwa Jumapili ile ya Machi, mishahara ya Februari imo. Marekebisho yaliyofanywa katikati ya Machi hayakupatikana. Yalikuwa kwenye bekapu za nyongeza, na hizo zilishaandikwa juu zamani.

Jumatatu mkuu wa ofisi akataka kujua siku 365 zilipangwa na nani. Jibu ni kwamba zilipangwa na aliyeandika programu, ng'ambo, asiyejua kama ofisi hiyo ipo duniani. Ni namba nzuri ya kuanzia, wala simlaumu. Alilazimika kuweka namba fulani.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya Tanzania, ya mwaka 2015, inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka 5. Kenya nao, kwa sheria yao ya taratibu za kodi ya mwaka huo huo, ni miaka 5. Kwa hiyo unaweza kusema basi, tutunze kila kitu miaka mitano, tumalize ubishi. Lakini Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina ya kwake ya 2019, na zote mbili hazitaki taarifa za mtu zikae kupita muda zinapohitajika. Faili la mishahara na wasifu wa kijana aliyeomba kazi akakosa vimo kwenye folda za seva moja, vinaingia kwenye bekapu moja, vinalala kwenye voliumu moja. Ukimfuta yule kijana kwenye hifadhidata ya ofisi, kwenye kanda bado yumo. Huwezi kuingia ndani ya kanda na kumtoa peke yake. Utaandika upya yote au utasubiri muda wake uishe. Muda wa kutunza ndio mkasi pekee ulio nao.

Uamuzi huo ni wa mhasibu, wa mwanasheria na wa mtu wa rasilimali watu, kila mmoja kwa folda zake. Mtu wa IT kazi yake ni kuuandika kwenye mipangilio. Ofisi ile walikaa kikao, kirefu, maana rasilimali watu walitaka kila kitu kitunzwe milele na mwanasheria alikuwa hataki kusikia neno milele. Mwishowe mafaili ya fedha yakapewa kundi lake, bekapu kamili ya kila mwisho wa mwaka ikawa na voliumu zake kwenye diski ya nje inayofungiwa kabatini, na folda za waombaji kazi zikawekwa kwenye kundi la muda mfupi. Nimeona mipango mizuri zaidi ya huo. Lakini angalau kila namba ina mtu unayeweza kumuuliza.

Mfano mkubwa wa ufutaji wa kiotomatiki kwenda kombo ulitokea Japani. Desemba 2021 Chuo Kikuu cha Kyoto kilipoteza mafaili ya watafiti yapatayo milioni 34, terabaiti 77 kwa jumla, kutoka kwenye hifadhi ya kompyuta yake kuu. Vikundi 14 vya watafiti viliguswa, na vinne kati yake havikuwa na pa kurudishia. Mdukuzi hakuwepo. Kilichofuta ni programu ya bekapu. Ndani yake kulikuwa na skripti, yaani faili la amri, ya kufuta mafaili ya kumbukumbu za mfumo yaliyozidi siku 10, kwa find, amri ya kutafuta mafaili. Kampuni iliyoleta mfumo, Hewlett Packard ya Japani, iliiboresha skripti hiyo, ikabadilisha hata majina ya vigeu (majina yanayobeba thamani, kama jina la folda) ili isomeke vizuri zaidi, kisha ikaliweka toleo jipya juu ya la zamani huku la zamani likiwa bado linakimbia. Bash, programu inayotekeleza amri hizo, huisoma skripti kipande kwa kipande inapoitekeleza. Katikati ya kazi ikajikuta inasoma toleo jipya, ambalo vigeu vyake havikuwa vimepewa thamani. Mahali palipotakiwa kuwa na jina la folda pakawa patupu, na find ikageukia mafaili ya watafiti. Ilianza tarehe 14, ikaisha tarehe 16. Kampuni ilikubali kwamba lawama ni yake kwa asilimia 100.

Watu husimulia kisa hicho kama habari ya bash, na kweli bash ina tabia hiyo. Mimi naona kwanza umbo la kazi yenyewe: tafuta kilichozidi siku kadhaa, futa. Kati ya kuamua na kufuta hapana hatua. Seva nyingi za kwetu, zisizo na Bacula wala kitu kama hicho, zinaendeshwa na mstari wa namna hiyo hiyo ndani ya cron, ratiba ya kazi za seva, find na siku 30 na delete, ulionakiliwa mahali fulani na mtu aliyekwisha kuhama kazi. Unafanya kazi vizuri mpaka siku diski ya bekapu isipopachikwa baada ya seva kuzimika, folda ikawa tupu, nakala mpya ikawa ya ukubwa wa sifuri, huku ufutaji ukiendelea kwa wakati wake kila usiku bila kuuliza. Ile Purged ya Bacula, ambayo inaonekana kama urasimu tu, imekaa hapo katikati. Voliumu imesahauliwa lakini haijaguswa, na kama dada wa uhasibu akija Ijumaa, bado kuna Jumamosi.

Kuna waliofikiri tofauti. Amanda, programu iliyoanzia Chuo Kikuu cha Maryland mwanzoni mwa miaka ya 1990, huhesabu kanda badala ya siku. Unaiambia mzunguko wako una kanda ngapi, nayo haiigusi moja mpaka nyingine za mzunguko ziwe zimeshaandikwa baada yake. Seva ikilala mwezi mzima, Amanda ikiamka inaendelea pale ilipoishia, hakuna kilichozeeka. Kwa bekapu za siku kwa siku naiona hekima hiyo. Ila mwanasheria na mkaguzi wanazungumza kwa miaka, hawazungumzi kwa kanda, kwa hiyo kila mara nimerudi kwenye saa.

Hakuna kati ya hizo mbili inayokulinda na kazi inayokwenda kila siku bila kubeba kitu. GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa programu za watu, waliyajua hayo Januari 31 mwaka 2017, fundi wao alipofuta kwa bahati mbaya hifadhidata iliyokuwa inatumika. Walipokimbilia bekapu za kila siku wakakuta hazipo: zana ya kunakili ilikuwa ya toleo lisiloendana na hifadhidata yao, ilikuwa ikishindwa kila siku, na barua pepe za kutoa taarifa zilikuwa zinakataliwa na mfumo wa barua. Waliokolewa na nakala iliyokuwa imechukuliwa saa kama sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Tangu nisome taarifa yao, kwenye ripoti ya asubuhi naangalia kwanza idadi ya baiti. Neno OK naliangalia mwisho.

Limebaki la diski, ambalo huleta ugomvi na wanaosaini manunuzi. Voliumu ikiwa Purged, faili lake kwenye diski halipungui hata baiti moja. Mkuu anaona diski imejaa asilimia 90, anaona kwenye ripoti kwamba voliumu kadhaa "zimeondolewa", na anakuona wewe mwongo. Bacula ina amri ya truncate ya kuzifanya voliumu hizo kuwa tupu na kurudisha nafasi. Wengi huiweka kwenye ratiba iende yenyewe kila asubuhi. Mimi kwa makundi ya nyongeza naiweka, data ile ni ya wiki mbili tatu na hakuna anayeirudia. Kwa kundi la bekapu kamili siiweki, kwa sababu baada ya truncate bscan haina cha kusoma. Mkuu akilalamika kuhusu asilimia 90, namletea bei ya diski.